Aliyemkamata Muuaji Si Hannibal Lecter

Muulize mtu yeyote aliyeitazama The Silence of the Lambs akueleze muuaji alikamatwaje. Wengi wataanza na Hannibal Lecter: yule daktari wa magonjwa ya akili aliyefungiwa nyuma ya kioo, anayezungumza polepole bila kupepesa macho, anayemsoma mgeni wake kabla hajaketi. Watakwambia polisi walikwama, wakaenda kumwangukia mtu mwenye akili kuliko wao wote, naye akawafumbulia fumbo. Kisha watamalizia na maneno ambayo sasa yamekuwa kama kanuni: muuaji wa mfululizo ni mtu mwenye akili za kupindukia, na wa kumnasa sharti awe na akili kama zake.

Naipenda filamu hii kuliko nyingine yoyote ya aina yake, na ndiyo maana siwezi kunyamaza. Kanuni hiyo ni uongo. Ni uongo katika maisha halisi, na ni uongo hata ndani ya filamu yenyewe inayotajwa kuwa ushahidi wake. Tena ni uongo wa hatari, kwa sababu wanaoulipia ni wanawake na vijana wasio na mtu wa kuwasemea.

Filamu ilitoka Februari 1991, ikiongozwa na Jonathan Demme, kutokana na riwaya ya Thomas Harris ya mwaka 1988. Mwaka uliofuata ilizoa tuzo tano kubwa za Oscar kwa mpigo: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji mkuu wa kiume, mwigizaji mkuu wa kike, na mswada uliotokana na kitabu. Kabla yake ni filamu mbili tu zilizowahi kufikia hapo. Anthony Hopkins alijipatia tuzo yake kwa kuonekana muda usiofika nusu saa katika filamu ya karibu saa mbili. Ule ni uigizaji wa hali ya juu na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sisi watazamaji. Tumetoka ukumbini tumembeba mfungwa, tukamwacha nyuma msichana aliyefanya kazi. Mwaka 2003 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipopanga orodha mbili, moja ya wahusika waovu na nyingine ya mashujaa, Lecter aliwekwa wa kwanza katika yake. Clarice Starling, mwanafunzi wa FBI aliyeigizwa na Jodie Foster, aliwekwa wa sita katika yake.

Tufanye hesabu ya haki. Lecter alitoa nini, na alichukua nini? Alimpa Clarice fumbo lililompeleka kwenye ghala moja la Baltimore, akakuta kichwa cha mtu ndani ya chupa. Alidokeza kwamba muuaji huenda aliwahi kuomba upasuaji hospitalini akakataliwa. Alisema mtu hutamani kile anachokiona kila siku. Kwa Seneta Martin, ambaye binti yake Catherine alikuwa ametekwa na muda wake unakwisha, alitoa jina la uongo, akafurahia machozi ya mama yule. Na kwa malipo ya hayo alihamishiwa Memphis, akawaua askari wawili waliokuwa wakimlinda, akatoroka. Filamu inaisha yu huru kwenye kisiwa cha joto, akimfuata taratibu mtu mwingine akikusudia kumla.

Lile dokezo la hospitali ndilo lililompa mkuu wa msako, Jack Crawford, jina la muuaji na anwani ya nyumba huko Calumet City, jimbo la Illinois. Crawford akapanda ndege na kikosi chenye silaha. Na hapa Demme alitupa mojawapo ya dakika bora kabisa katika historia ya filamu za aina hii. Tunawaona askari wakiizingira nyumba. Tunamwona muuaji katika chumba chake cha chini ya ardhi, pembeni ya shimo alimomfungia Catherine. Askari aliyejifanya mleta maua anabonyeza kengele. Kule chini kengele inalia. Muuaji anavaa shati, anapanda ngazi, anafungua mlango. Mbele yake amesimama Clarice, peke yake, na daftari la maswali. Crawford na kikosi chake wamevunja mlango wa nyumba tupu iliyo mamia ya kilomita kutoka hapo.

Njia ya ujanja mkubwa ilifika kwenye nyumba tupu. Aliyefika kwenye mlango wenyewe ni yule aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza kuhusu msichana aliyekufa.

Alifikaje pale? Usiku mmoja, yeye na rafiki yake wa bwenini, Ardelia Mapp, waliketi na jalada la kesi. Mwili wa msichana wa kwanza kuuawa ndio pekee uliofungiwa uzito ili uzame, kwa hiyo ulipatikana wa tatu. Kwa nini huyu afichwe zaidi ya wengine? Kwa sababu muuaji alimfahamu. Ni kweli maneno ya Lecter kuhusu kutamani yaliwasaidia wasichana hawa wawili kufika hapo, na sitamnyima haki hiyo. Lakini kanuni ya kuanzia kwa mtu wa kwanza aliyeumizwa, na kwa watu waliomzunguka, anaijua kachero yeyote aliyewahi kufanya kazi mtaani. Haihitaji mla watu kuitamka.

Clarice akaenda Belvedere, mji mdogo wa Ohio. Baba wa marehemu akamruhusu kuingia chumbani. Angalieni anavyofanya mle ndani. Hapekui kama askari mwenye haraka. Anafungua kibweta cha vito, anapapasa kitambaa cha ndani, anaona mshono haukukaa sawa, na chini yake kuna picha ambazo msichana yule hakutaka baba yake azione. Wapelelezi wanaume walishapita katika nyumba ile kabla yake. Kisha anafungua kabati na kukuta gauni ambalo halijamalizika, lina vipande vya karatasi vya ramani ya fundi vilivyobanwa kwa pini, umbo lake kama almasi. Anasimama. Maana ameshaliona umbo hilo hilo kwenye mgongo wa maiti, pale ngozi ilipokatwa. Yeyote aliyekulia karibu na cherehani anajua vile ni vipande vya kupanulia nguo kiunoni. Muuaji anashona. Anawachuna wanawake ili ajishonee vazi la ngozi zao.

Maarifa haya hayatoki chuo cha saikolojia. Ni maarifa ya msichana aliyetoka katika familia ya kawaida, anayejua wasichana huficha wapi siri zao na nguo hushonwaje. Kutoka pale akaenda kumuuliza rafiki wa marehemu, rafiki akamtaja mama mmoja aliyekuwa akiwapa kazi ya ushonaji, na Clarice akaenda kugonga katika nyumba ya mama huyo.

Kuna mahali pengine katika filamu ambapo jambo hili linaonekana wazi zaidi, nami hurudia kupatazama kila nipatapo nafasi. Ni chumba cha kuandalia maiti huko West Virginia. Mwili umetolewa mtoni. Chumba kimejaa askari wa mtaa, wote wanaume, wote wanamkodolea macho Clarice, ambaye bosi wake amemtenga makusudi ili apate kuzungumza na wakubwa wa pale. Anawashukuru kwa upole kwa kumfikisha marehemu hapo, anawaambia kwamba sasa wengine watamhudumia, anawaomba watoke. Wanatoka. Halafu anawasha kinasa sauti na kuanza kusema anachokiona: masikio yametobolewa mara tatu kila upande, kucha zimepakwa rangi ya kumetameta. Anaona huyu ni msichana wa mjini. Sauti yake inatetemeka kidogo lakini hainyamazi. Kila mtu mle ndani alimwona maiti. Yeye alimwona binti wa mtu, mwenye mji wake, mwenye rafiki aliyempaka ile rangi au duka alikoinunua. Kwa kumwona hivyo akajua pa kuanzia kutafuta.

Hiyo ndiyo filamu niipendayo.

Sasa tuje kwenye maisha. Wapo wanaosema filamu ni filamu, lakini yule mfungwa mwerevu anayesaidia polisi kumnasa muuaji mwenzake ni wazo lenye mantiki. Basi liliwahi kujaribiwa, na waliolijaribu ni watu wa kweli.

Julai 1982 miili ya wasichana ilianza kuonekana ndani na kando ya mto Green River, karibu na Seattle. Waliouawa wengi wao walikuwa wasichana waliotoroka makwao na wanawake waliojiuza barabarani. Mwaka 1984 Ted Bundy, aliyekuwa Florida akisubiri adhabu ya kifo kwa mauaji yake mwenyewe, aliandika barua akijitolea kuwasaidia wapelelezi. Robert Keppel na Dave Reichert walisafiri kwenda kumsikiliza gerezani Novemba mwaka huo. Bundy alizungumza kwa saa nyingi, na baadhi ya makisio yake yalikuwa sahihi, kwa mfano kwamba muuaji huirudia miili, kwa hiyo wakipata mpya wauvizie. Lakini mazungumzo yale hayakumfikisha mpelelezi yeyote kwenye mlango wa muuaji.

Mlango huo ulikuwa umeshagongwa mwaka mmoja na nusu kabla ya mazungumzo hayo.

Mwishoni mwa Aprili 1983, msichana wa miaka 18 alipanda pikapu ya mwanamume asiyemjua. Mpenzi wake aliifuata kwa gari, ikampotea. Msichana hakurudi. Siku chache baadaye mpenzi huyo na baba wa msichana walianza kuzunguka mtaa kwa mtaa wakitafuta pikapu ile, hadi wakaiona imeegeshwa mbele ya nyumba moja. Wakaita polisi. Polisi wakaja, wakamwuliza mwenye nyumba kama anamjua msichana huyo, akakana, nao wakaenda zao. Mwenye nyumba alikuwa Gary Ridgway, mpaka rangi wa kiwanda cha malori. Mabaki ya binti yule yalipatikana mwaka 2003, Ridgway mwenyewe alipowaonyesha polisi mahali alipoyatupa.

Baba hakuhitaji kusoma saikolojia ya wauaji. Alikuwa mzazi aliyekataa kulala. Alimpata muuaji katika siku chache, na kama angesikilizwa, makumi ya wasichana wangekuwa hai. Badala yake Ridgway aliendelea. Mwaka 1984 alipimwa kwa mashine ya kugundua uongo, akafaulu. Mwaka 1987 polisi walimpa kipande cha kitambaa akitafune, wakakihifadhi. Mwaka 2001 maabara iliyokuwa na uwezo wa kusoma vinasaba ikalinganisha mate yale na ushahidi uliotoka kwenye miili, naye akakamatwa Novemba 30. Alikiri mauaji 48 mwaka 2003, na la 49 likaongezeka mwaka 2011. Alipopimwa akili, alionekana yuko chini ya wastani. Alieleza mwenyewe kwamba aliwachagua wanawake wanaojiuza kwa sababu alijua hakuna atakayeharakisha kuripoti kwamba wamepotea.

Watetezi wa imani ninayoipinga wana swali lao, na ni swali la haki: kama wauaji hawa si werevu, mbona wanachukua miaka mingi hivyo kukamatwa? Jibu Ridgway amelitoa. Hakuwashinda polisi akili. Alichagua watu ambao polisi, magazeti na majirani walikuwa wameshakubaliana kimyakimya kutowatafuta.

Anayetaka ushahidi zaidi atazame Uingereza, kaskazini, kati ya mwaka 1975 na 1980. Peter Sutcliffe, dereva wa lori kutoka Bradford, aliua wanawake 13 na kujaribu kuwaua wengine saba. Katika muda huo polisi walimhoji mara tisa. Mara tisa! Walikuwa na kadi za taarifa zilizojaa vyumba, na hakuna aliyeweza kuona kwamba jina moja linajirudia kwenye makabati tofauti. Walionusurika walitoa maelezo ya sura yake. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 14, na mchoro uliotokana na maelezo yake ulifanana sana na Sutcliffe, lakini shambulio lake halikuunganishwa na mengine. Mwingine alikuwa mwanamke mweusi wa Leeds aliyevunjwa kichwa kwa nyundo. Polisi wakakataa kuamini kwamba aliyempiga ndiye muuaji wanayemtafuta.

Halafu, Juni 1979, ikaletwa kanda. Sauti ya mwanamume ikawakejeli wapelelezi, ikajitambulisha kwa jina la Jack. Hapo ndipo imani ya muuaji mwerevu ilipofanya kazi yake. Muuaji anayewachezea wakubwa, anayetuma barua na kanda, anayepigana nao vita ya akili: ndivyo walivyotarajia awe, basi wakampokea alipokuja. Lafudhi ilikuwa ya Sunderland. Asiyekuwa na lafudhi hiyo akaondolewa mashakani. Mwezi uliofuata konstebo mmoja alimhoji Sutcliffe nyumbani kwake, akamtilia shaka, akaandika taarifa akieleza pengo la meno, kipimo cha mguu na jinsi mtu huyu anavyofanana na mchoro. Taarifa ikaishia kwenye faili. Mtu wa kwenye kanda alikuwa mlevi mwongo asiye na uhusiano wowote na mauaji. Alihukumiwa mwaka 2006. Kati ya siku kanda ilipofika na siku Sutcliffe alipokamatwa, wanawake watatu zaidi waliuawa.

Na alikamatwaje? Januari 2, 1981, huko Sheffield, Sajini Robert Ring na konstebo mwenzake walikuta gari limeegeshwa gizani, ndani yake mwanamume na mwanamke. Wakakagua namba za gari. Zilikuwa bandia. Sutcliffe akaomba ruhusa kwenda haja, akapotelea kidogo nyuma ya tangi la mafuta, akarudi. Kesho yake usiku Ring aliporipoti kazini na kusikia kwamba mtu yule bado anashikiliwa, akakumbuka lile ombi. Akarudi mahali pale, akamulika nyuma ya tangi, akakuta nyundo na kisu. Msako mkubwa kuliko yote katika historia ya polisi wa Uingereza hadi wakati huo ulimalizwa na sajini wa doria aliyejiuliza kwa nini mtu aende haja pale.

Nataka pia lisisahaulike lile gumzo la zama zile, la kuwagawa waliouawa katika wasichana wasio na hatia na wale wengine. Polisi na magazeti walilisema hadharani. Watoto wa waliouawa walikua wakilisikia. Mkuu wa polisi wa West Yorkshire aliomba radhi kwa lugha hiyo Novemba 2020, baada ya Sutcliffe kufa. Miaka arobaini ilipita kwanza.

Na Marekani, Mei 1991, miezi mitatu tu tangu The Silence of the Lambs itoke, mvulana wa miaka 14 alionekana katika mtaa mmoja wa Milwaukee akiyumba uchi, anatoka damu. Wasichana wawili weusi wakamzuia asirudishwe kwa mwanamume aliyekuja kumfuata. Polisi wakafika, wakamsikiliza mwanamume mzungu mwenye maneno laini, wakamkabidhi mvulana. Mama wa mmoja wa wasichana wale alipiga simu kituoni kuuliza mtoto yuko wapi, akasisitiza kwamba ni mtoto, akajibiwa kwamba mambo yamekwisha. Mwanamume yule alikuwa Jeffrey Dahmer. Alimuua mvulana usiku ule, na akaua wengine wanne kabla mateka mmoja hajatoroka na kuwaleta polisi Julai. Dahmer alikuwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa kumdhalilisha mtoto mwingine. Kupekua jina lake tu kungetosha. Leo ana vitabu na tamthilia, na watu wanajadili akili yake. Yule mama aliyepiga simu ndiye aliyekuwa amejua kila kilichohitajika kujulikana.

FBI wenyewe, ambao chuo chao cha Quantico kinaonekana katika filamu, walishachoshwa na ngano hii. Mwaka 2005 waliwakusanya wataalamu huko San Antonio, na ripoti iliyochapishwa mwaka 2008 ikaorodhesha imani potofu kuhusu wauaji wa mfululizo. Mojawapo ni hii: kwamba wote ni wendawazimu au waovu wenye vipaji vya ajabu. Dennis Rader, aliyeua watu 10 katika eneo la Wichita na kujiona bingwa wa kuwachezea polisi, aliwauliza mwaka 2005 kama wanaweza kumfuatilia kupitia diski ya kompyuta. Wakamjibu kupitia tangazo gazetini kwamba hakuna shida. Akaituma. Ndani yake mlikuwa na jina lake la kwanza na jina la kanisa lake. David Berkowitz, aliyeitia hofu New York mwaka 1977, alipatikana kwa karatasi ya faini ya kuegesha gari vibaya. Hawa ndio mabingwa wetu.

Kuwaita majini, mazimwi au vichwa visivyo na mfano ni kuwavisha kilemba cha ukoka. Wao hukipenda. Na polisi waliozembea hukipenda zaidi, kwa sababu aliyeshindwa na zimwi hana lawama.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tumeliona hilo. Julai 2024, huko Kware, Mukuru kwa Njenga, Nairobi, miili ya wanawake iliyokatwakatwa na kufungwa kwenye magunia ilitolewa katika machimbo ya mawe yaliyogeuzwa jalala, hatua chache kutoka kituo cha polisi. Walioanza kuiopoa ni wakazi, vijana walioshuka kwenye taka kwa kamba. Baada ya siku chache polisi walimtangaza mtuhumiwa, wakasema amekiri kuua wanawake 42, na mkuu wa upelelezi akamwita mnyonya damu. Wakili wake alisema mteja wake aliteswa. Agosti 20 mtuhumiwa huyo alitoroka katika kituo cha polisi cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12. Hatia yake ni ya mahakama kuamua, si yangu. Lakini neno mnyonya damu lilijaa vichwa vya habari kwa wiki nzima, na maswali yaliyostahili kuulizwa kila siku yakabaki pembeni: ni familia ngapi zilikuwa zimeshaandikisha kwamba binti yao haonekani? Nani alizipokea taarifa hizo, na alizifanyia nini? Miili ilitupwaje karibu na kituo bila mtu kuona?

Naandika haya kwa sababu kizazi kizima sasa kinatazama filamu na vipindi vya wauaji wa mfululizo kila usiku kwenye simu, na kinajifunza kuwastaajabia. Kijana anaweza kukutajia majina ya wauaji kumi na namna kila mmoja alivyoua. Mwulize jina la mmoja tu aliyeuawa. Tuliofundishwa kumwangalia zimwi hatutamwona mtu wa kawaida, mpaka rangi au dereva wa lori, mzee wa kanisa kama Rader, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Itazame tena The Silence of the Lambs, nakuomba, na safari hii mfuate Clarice. Mtazame anavyowaomba askari watoke ili amhudumie marehemu. Mtazame anavyogusa mshono wa kibweta. Kisha, siku jirani yako atakapokwambia binti yake hajarudi tangu jana, usimwambie asubiri saa 24, wala usimuulize binti alikuwa amevaa nini au anatembea na nani. Mwambie achukue picha ya karibuni. Fuatana naye hadi kituoni, simama naye kaunta, na msiondoke mpaka mmeshika namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu, yaani RB, au OB kama mko Kenya. Kesho yake rudini mkaulize kachero gani amekabidhiwa jalada, na kesho kutwa rudini tena.